Kosa Linaloruhusiwa

4 Februari 1986

Mjomba Gramu,

Shikamoo. Na umfikishie Bi Mkubwa shikamoo yake peke yake, asije akasema nimeibandika nyuma ya yako. Mimi ni mzima. Mafua niliyoondoka nayo yameisha, viatu havijaisha, na chumba nimepata: ghorofa ya tatu, vitanda viwili, dirisha moja linalofunga na moja lililokataa. Mwenzangu wa chumbani anasoma mambo ya nyota. Ni mtu mwema, ila kila akipiga mswaki lazima aimbe. Kikohozi chako je? Na banda la kuku, lile unalolitengeneza "wiki hii" tangu mwaka juzi?

Sasa kaa chini, Mjomba. Nina habari ya kuchekesha na habari isiyochekesha, na ukizitazama vizuri ni habari moja.

Tuna mwalimu wa fizikia tunamwita Takriban. Si jina lake, ni neno lake. Siku ya kwanza aliingia, akachora duara ubaoni, akasema, "Pai ni tatu." Nikadhani anatutega. Nikanyoosha mkono nikamwambia ni tatu nukta moja nne moja tano tisa mbili sita tano. Darasa zima likageuka kunitazama. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Binti, hapa ni tatu. Ukiwa na wasiwasi sana, andika tatu na kitu."

Mjomba, hayo ni mwanzo tu. Kasi inayoongezeka kitu kikianguka, wewe ulinifundisha ni tisa nukta nane moja. Kwake ni kumi. Mwaka una sekunde pai mara milioni kumi, na hapo ghafla pai inarudishiwa mkia wake kwa sababu hesabu inampendeza. Pai ukiizidisha kwa pai unakaribia kumi, na ile namba ya kuanguka inakaribia kumi, basi yeye huiweka moja juu ya mstari na nyingine chini, anazikata zote mbili, anakung'uta chaki mikononi na kuendelea. Juzi alitupa swali la joto linalotoka mwilini mwa ng'ombe. Akaanza hivi: "Chukulia ng'ombe ni mpira."

Hilo ndilo la kuchekesha. Lingine ni kwamba somo lenyewe linaitwa Makadirio, na nimelifeli. Mtihani ulikuwa maswali kumi kwa dakika ishirini, bila kikokotoo. Nilimaliza matatu. Yote matatu nilikuwa sahihi hadi tarakimu ya nne baada ya nukta, nikapata thelathini kwa mia. Wenzangu waliandika jumla jumla wakapita wote.

Marudio ni tarehe 20 Juni. Ni ya mdomo, mtu anasimama mbele ya walimu watatu, hana karatasi wala kalamu. Nikishindwa safari hii wananirudisha nyumbani na fizikia inaishia hapo. Nataka kubaki, Mjomba. Sijawahi kutaka kitu namna hii. Lakini wakiniambia "karibu ngapi?" ulimi unakufa ganzi, maana ni wewe uliyenilea, na kwenye benchi lako la mizani neno "karibu" lilikuwa tusi. Nifanyeje?

Wako,
Robo


19 Februari 1986

Robo mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika tarehe kumi na tano, saa nne na dakika kumi asubuhi. Kikohozi kimepungua kwa theluthi mbili. Banda la kuku limefika asilimia arobaini, na usimsikilize Bi Mkubwa akikwambia ni thelathini. Yeye anakusalimu, anasema soksi zinakuja.

Nimeisoma habari ya huyo Takriban wako mara mbili nikidhani nimekosea kusoma. Pai ni tatu? Nimepiga hesabu. Anayesema tatu amekata sehemu arobaini na tano katika kila elfu. Yaani kwenye kilo moja ya sukari amekula gramu arobaini na tano. Muuza duka akifanya hivyo mimi namng'olea mizani ukutani. Huyo wenu amepewa chaki na mshahara!

Niliwasomea wateja. Muuza nyama, yule mwenye kidole kizito mizanini, alikuwa ameleta mizani yake kusafishwa. Alifurahi kupita kiasi. Akaniuliza kama chuo hicho kinapokea wazee. Nikamwambia toka dukani kwangu. Na huyo ng'ombe mpira, mwambie mwalimu wako mimi nimepima ng'ombe mnadani miaka kumi na mmoja, na sijaona hata mmoja aliyebingirika. Na hao watu wanaokata duara kwa jiwe linaloanguka, eti kwa sababu namba zinafanana, wao ndugu zao wanawatambuaje?

Wewe ulizaliwa kilo mbili na robo. Nilikupima mwenyewe, na ile robo ndiyo jina lako. Takriban angesema mbili, na leo ungekuwa huna jina.

Unaniuliza ufanyeje. Usilegeze hata nukta moja. Miaka thelathini na nne nimefanya kazi hii ya mizani na sijapunguza mkia wa namba ili kumpendeza mtu. Wakikuuliza, wape namba kamili, na wakichoka kungoja hiyo ni shida yao. Wakikurudisha, urudi umenyoosha shingo. Benchi lako lipo. Nimelipiga msasa wiki hii, nikakutafutia na kibano kipya cha kushikia mawe madogo ya mizani.

Mjomba wako


8 Machi 1986

Mjomba,

Shikamoo tena. Soksi hazijafika lakini namshukuru Bi Mkubwa kabla. Hapa mvua imeanza, na lile dirisha lililokataa bado linakataa. Barua yako nilimsomea mwenzangu wa chumbani akacheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akafuta machozi akaniambia mimi nalalamika bure, kwao kwenye nyota pai ni moja. Nikamuuliza moja namna gani? Akasema kwao namba yoyote kati ya moja na kumi ni moja, mradi idadi ya sifuri iwe sawa. Na siku sifuri zisipokuwa sawa? Akasema hapo mwalimu wao hukunja uso kidogo.

Nimefuata ushauri wako, Mjomba. Nilikwenda kwa Takriban ofisini kujaribiwa. Ofisi yake ina meza iliyoegemezwa ukutani kwa sababu mguu mmoja ni mfupi, na saa ya ukutani iliyotangulia dakika saba. Akaniuliza jengo letu limejengwa kwa matofali mangapi. Nikamwomba ruhusa nitoke nje. Nilihesabu hadi elfu mbili mia tatu na kumi na mawili ndipo mvua ikanifukuza, na nilikuwa upande mmoja tu. Niliporudi nimelowa chepechepe alikuwa amekwenda kula. Aliacha karatasi mezani: "Kama laki moja. Kakauke."

Sicheki sana, maana siku zinakwenda. Ushauri wako wa namba kamili ndio ulionifelisha mara ya kwanza, na nikiufuata utanifelisha ya pili. Nikaanza kukumbuka, Mjomba. Nilikaa nawe tangu nina miaka sita, Mama alipofariki, na nilikuwa nakuona. Mtu akileta kitu, kabla hujakigusisha mizani unakinyanyua kwa kiganja na kunyamaza kidogo, kisha unakwenda moja kwa moja kwenye mizani moja kati ya zile nane. Ulikuwa unafanya nini hapo? Niambie. Nadhani ndicho ninachokitafuta.

Jambo lingine dogo. Mwandiko wako umenenepa, na unaruka mstari. Zamani ulikuwa unaandika herufi kama punje za ulezi. Kuna nini?

Robo


21 Aprili 1986

Robo,

Marahaba. Hatujambo. Kuku mmoja amekufa, wengine wazima. Nimechelewa kujibu kwa sababu nimechelewa.

Mwandiko ni kalamu. Nimenunua nyingine yenye ncha nene.

Kunyanyua kitu kwa kiganja ni mazoea tu ya mikono ya mzee, hamna cha kufundisha. Mkaguzi wa vipimo alipita wiki mbili zilizopita, akakaa, akanywa chai, akaondoka. Kazi ipo ya kutosha. Ipo nyingi kuliko mtu mmoja.

Nimetengeneza stuli ya pili, ya urefu wako, nikaiweka upande wa dirishani kwenye mwanga. Ukishindwa huko usione haya. Kurudi nyumbani si kufungwa.

Mjomba wako


2 Mei 1986

Mjomba,

Shikamoo. Salamu za leo ni fupi kwa sababu nimekasirika. Nyumbani nawatakia afya wote, kuku pia.

Nilikuuliza mambo mawili. La kiganja umesema ni mazoea. La mwandiko umesema ni kalamu. Wiki sita nimesubiri, Mjomba, nashuka kila siku ngazi za ghorofa tatu kumwangalia mlinzi anayetunza barua, nikapata majibu ambayo hata mtoto angekataa kuyala. Wewe unayeandika barua imefika saa nne na dakika kumi, leo unaniambia umechelewa kwa sababu umechelewa!

Soksi zimefika. Ndani ya soksi ya kushoto Bi Mkubwa ameweka kikaratasi chenye sentensi moja: mizani ya muuza viungo imerudishwa kwako na mkaguzi. Tangu nizaliwe sijasikia mizani uliyoipiga mhuri ikarudi. Sikuulizi. Utasema mwenyewe ukitaka, na usimgombeze Bi Mkubwa, yeye kaandika sentensi moja tu.

Lakini hili nakwambia, na nalisema kwa heshima zote. Piga ua, sirudi kwa kufeli. Zimebaki siku arobaini na tisa. Nimeanza kujifundisha mwenyewe. Kila asubuhi najiuliza swali moja nikienda darasani, na lazima nijibu kabla sijafika mlangoni: ndoo hii ina matone mangapi, moyo wangu umepiga mara ngapi tangu nizaliwe. Majibu yangu bado ni ya aibu. Jana nilijibu kwamba mji huu una vinyozi kumi na wawili, na mwenzangu akanitajia kumi na watano wa mtaa mmoja. Haidhuru, kesho nitajaribu tena. Sitaacha.

Ukitaka kunisaidia, nisaidie. Usipotaka, nitapita bila wewe, nami itaniuma. Ila usiniandikie tena habari za stuli.

Robo


26 Mei 1986

Robo, mwanangu,

Marahaba, na nimestahili hasira yako. Bi Mkubwa hajambo, sijamgombeza. Nilitaka, nikakosa pa kuanzia.

Barua hii nimeiandika kwa siku nne, asubuhi peke yake, nimekaa mlangoni kwenye jua. Jicho la kulia limeingia ukungu tangu Oktoba. La kushoto linalifuata. Mshale wa mizani nauona miwili, nachagua mmoja. Mizani ya muuza viungo nilichagua mshale usio wenyewe nikaipiga mhuri, ikawa inakosea gramu sita kwenye mia mbili. Miezi mitatu watu wamenunua pilipili manga pungufu kwa mhuri wangu. Mkaguzi hakufoka. Alikunywa chai, akaniambia taratibu kwamba ananipa mpaka mwisho wa Julai nijirekebishe, la sivyo atachukua mhuri. Afadhali angefoka.

Sasa la pili, nalo ndilo gumu. Barua yako ya kwanza ilipofika, nikasoma umefeli, nilifurahi. Nakuandikia wazi ujue uliandikiwa na nani. Nilifurahi, nikasema moyoni: anarudi, na macho yake mazima. Nikakuandikia usilegeze hata nukta moja, hali najua kwamba usipolegeza utaanguka tena. Nilikuwa nalijua jibu lako tangu Februari. Nililificha. Mimi niliyewang'olea watu mizani kwa gramu tano nilikuwa nakupunja wewe. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, jibu chukua hata hivyo, ni lako.

Ninaponyanyua kitu kwa kiganja nachagua mizani. Basi. Mizani ya sonara ina ukingo wa chuma mwembamba kama wembe unaobeba mkono wake. Ukiiwekea kilo mbili, imekufa. Mizani ya makaa ukiiwekea pete, haitikisiki. Kwa hiyo kabla ya kupima lazima ujue kitu ni cha kiasi gani, ni cha gramu, cha kilo au cha gunia, na huwezi kukijua kwa kupima maana bado hujapima. Unakijua kwa mkono. Mtu asiyeweza kukadiria hawezi kazi ya mizani hata siku moja. Atavunja vyombo vya watu.

Na jambo hili nilikuficha utotoni, nikakuonyesha namba tu, kwa sababu nilipenda uone mjomba wako hakosei. Hakuna mizani isiyokosea, Robo. Serikali inalijua hilo. Kwenye kitabu cha mkaguzi kila mizani imeandikiwa kosa linaloruhusiwa. Ya sonara, punje. Ya sukari, gramu chache. Ya makaa, gramu mia mbili kwenye gunia, na mtu akija kunitafutia gramu moja kwenye gunia la makaa namwambia aende akalale. Fundi mbaya si yule ambaye mizani yake inakosea. Ni yule asiyejua inakosea kiasi gani, au anayejua akanyamaza, kama mimi mwaka huu.

Huyo Takriban anapima makaa. Alipokwambia pai ni tatu alikuwa anataka kujua aende kwenye mizani ipi, nawe ulimletea ya sonara. Hana kosa mtu yule. Nimemtukana mbele ya wateja na sasa nawajibika kumsafisha. Muuza nyama nimekwisha kumwambia, kasikitika sana.

Kwa hiyo tarehe ishirini, wakikuuliza, nyanyua swali kwanza. Usikimbilie namba. Jiulize ni la gramu, la kilo au la gunia. Sema kwa sauti unachokiona. Kisha sema unaweza kukosea kwa kiasi gani. Hapo hujadanganya mtu, na mikono yako ni safi kama ulivyozoea. Halafu nyamaza. Ukishapima usiutikise mkono wa mizani.

Nimemnyang'anya kuku stuli uliyonikataza kuitaja. Alikuwa ameshaanza kutagia juu yake. Ipeleke fizikia yako mbele, mwanangu. Mimi nitajua la kufanya.

Mjomba wako


22 Juni 1986

Mjomba wangu,

Shikamoo, na Bi Mkubwa shikamoo yake pembeni. Sisi huku wazima. Jua limerudi, na lile dirisha lisilofunga sasa halifunguki.

Barua yako ilinifikia tarehe kumi na nane, siku mbili kabla. Mlinzi alikuwa ameenda likizo, na aliyeshika zamu aliisukuma chini ya mlango wa chumba cha ghorofa ya pili. Nilipoisoma nililia, kisha nikatoka nikatembea barabara yote hadi kituo cha mafuta na kurudi, mara mbili, nakutukana. Samahani, lakini ndivyo ilivyokuwa. Miezi minne, Mjomba! Miezi minne najigonga kichwa ukutani na wewe ufunguo uko mfukoni! Nilipofika kituo cha mafuta mara ya pili nikaanza kuwaza habari za mishale miwili, na wewe kuchagua mmoja kila siku bila kumwambia mtu. Hasira ikaisha njiani. Haikuisha yote. Imebaki kidogo, nitaimaliza nikikuona.

Mtihani ulikuwa saa tatu asubuhi. Chumba kidogo cha mihadhara, ubao, meza ndefu, walimu watatu. Takriban katikati, kulia mama mmoja mkali anayefundisha umeme, kushoto mzee aliyekuwa anachonga penseli. Maswali tisa ya kwanza sitakuchosha nayo. Mengine nilipata vizuri, mawili nilichemka kabisa. Mzee wa penseli aliniuliza sekunde za mwaka, nikamwambia milioni thelathini, naweza kukosea milioni mbili. Akaacha kuchonga.

La kumi aliniuliza yule mama. "Hewa iliyomo ndani ya chumba hiki ina uzito gani?"

Nilisimama, Mjomba, ulimi ukaanza kufa ganzi kama zamani. Nikaona namba zinakuja mbio na mikia yao yote. Nikaweka mikono nyuma. Nikajiuliza, ni la gramu, la kilo au la gunia? Nikaanza kusema kwa sauti. Chumba ni kama hatua nane kwa sita, kimo ni kama mita tatu. Hiyo inakaribia mita mia na hamsini za ujazo. Mita moja ya hewa ina kilo moja na kitu. Nikawaambia, "Ni la gunia. Kilo mia na hamsini hadi mia mbili. Kama mifuko mitatu na nusu ya saruji."

"Mia na hamsini au mia mbili?" akaniuliza. "Chagua."

Nikamwambia sichagui. Nikamwambia, "Vipimo vyangu ni vya hatua za miguu, na sijui leo kuna joto kiasi gani. Nikichagua moja nitakuwa nimewadanganya. Mkitaka karibu zaidi, nipeni futi na kipimajoto."

Wakatazamana. Kwa sekunde kumi hivi, naweza kukosea tatu. Kisha Takriban akamgeukia mwenzake akasema, "Miaka ishirini nafundisha somo hili. Wote wananiambia karibu ngapi. Huyu ndiye wa kwanza kuniambia anaweza kukosea ngapi bila kuulizwa." Akanigeukia. "Nani kakufundisha?" Nikasema, "Fundi mizani." Yule mama akaandika kitu kwenye karatasi, akaifunika na mkono.

Nimepita, Mjomba. Sabini na tano kwa mia! Nabaki!

Na kwa hiyo lazima nikwambie na hili, hata kama litakuuma. Sirudi kwenye benchi. Si mwaka huu, si baada ya miaka mitatu. Nimekusamehe, nami nakupenda kuliko mtu yeyote niliyebakiwa naye, lakini macho yangu nayahitaji huku. Mazoezi ya maabara yanaanza wiki ijayo na yanaisha mwisho wa Septemba, siwezi kutoka hata siku moja. Umesema utajua la kufanya. Nani kakwambia unajua? Nenda kwa daktari wa macho. Mkaguzi kakupa mpaka mwisho wa Julai, na mimi nakupa mpaka katikati.

Robo


14 Julai 1986

Robo,

Mwandiko ni wa Bi Mkubwa. Mimi nasema, yeye anaandika, na amekula kiapo hataongeza neno. (Sijala kiapo chochote. Hongera mwanangu, nimepiga vigelegele mpaka jirani wakaja kuuliza nani anaolewa.) Marahaba. Kuku watatu wanataga. Banda limekwisha, asilimia mia. (Halina mlango.)

Barua yako amenisomea mara tatu, na hapo kwenye sabini na tano alinisomea mara nyingine nne kwa sababu niliomba. Nimefurahi, na safari hii hakuna kitu nyuma ya furaha yangu.

Ile ya kwamba hurudi iliniuma siku mbili. Siku ya tatu nikaona umepima sawa. Nikachukua mhuri wangu, nikaufunga kwa kitambaa, nikampelekea mkaguzi mwenyewe kabla tarehe yake haijafika. Nimepima macho yangu kama ninavyopima mizani ya mtu, nikakuta yamepita kosa linaloruhusiwa. Mizani ya mtu ningeing'oa. Akaupokea kwa mikono miwili, akauandika kwenye daftari lake, akasema ataniwekea.

Kutoka hapo nikaenda moja kwa moja kwa daktari wa macho, kwa kuwa macho ya kuazima nimekosa. Ni msichana wa rika lako. Akanikalisha kwenye kiti kinachozunguka, akaenda akasimama mbali na kunyanyua vidole. Akauliza ni vingapi. Miaka yote thelathini na nne ningenyamaza kuliko kusema nisichokiona.

Nikamwambia, "Vitatu. Naweza kukosea kimoja."

Akasema vilikuwa viwili. Anasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, kitu cha kutolewa tu, na watu wanaona tena. Nikamuuliza ni wangapi wanaona tena. Akasema wengi. Nikamwambia wengi si namba. Akaenda kufungua daftari, akahesabu, akarudi akaniambia tisa katika kila kumi, anaweza kukosea mmoja. Nikakubali. La kulia litapasuliwa tarehe ishirini Agosti, la kushoto wiki tatu baadaye.

Usiache maabara kwa ajili yangu. Maliza. Njoo mwisho wa Septemba nikuone.

Mjomba wako